William Hague: alipigwa chini kwenye siasa akaandika historia, halafu Mau Mau wakaletwa mezani kwake

Tarehe 8 Juni 2001 asubuhi William Hague alisimama mbele ya waandishi wa habari London akatangaza anaachia ngazi. Chama chake cha Conservative kilikuwa kimepigwa uchaguzi wa pili mfululizo na kimetoka na viti 166, yaani miaka 4 ya kuzunguka nchi nzima na kukabana koo na Waziri Mkuu Tony Blair kila Jumatano bungeni, mwisho wa siku jamaa kaongeza kiti kimoja tu kwenye vile 165 alivyovikuta. Kimoja! Labour, chama cha Blair, walikuwa na zaidi ya 400. Na Hague alikuwa na miaka 40, umri ambao kwetu mwanasiasa bado anaitwa kijana wa chama na anaambiwa asubiri zamu yake, yeye tayari ni kiongozi mstaafu.

Nimeamua kukichambua kisa chake kwa sababu wanasiasa wanaoandika vitabu ni wengi sana ila karibu wote wanaandika kuhusu wao wenyewe. Angalia huku kwetu, Raila kaandika maisha yake, Mkapa kaandika yake, Mwinyi naye kaacha yake, na ni vitabu muhimu, sivibezi hata kidogo, lakini mhusika mkuu ni mwandishi na kila ugomvi unaishia kwa mwandishi kuwa na haki. Hague alipoanguka hakukimbilia kuandika jinsi alivyoonewa. Alienda kumwandika mtu aliyekufa mwaka 1806. Halafu akaandika wa pili. Halafu siasa ikamuita tena, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na akiwa kwenye kiti hicho ndipo wazee wetu wa Mau Mau wakamletea historia ambayo haikuwa ya kusomwa maktaba. Mimi naona vile vitabu viwili na siku ile ya 2013 alipowajibu wazee hao bungeni ni kitu kimoja, ukivisoma pamoja unaona vizuri jamaa ana nguvu wapi na anaishia wapi.

Kwanza tumjue kidogo. Kazaliwa 1961 Rotherham, Yorkshire ya kusini, familia yao ilikuwa na kibiashara cha soda. Shule ya kawaida ya serikali, si zile za watoto wa mabwana. Mwaka 1977 akiwa na miaka 16 akapanda jukwaani kwenye mkutano mkuu wa Conservative mjini Blackpool, Margaret Thatcher yupo pale anasikiliza, kijana akawaambia wajumbe kwamba nusu yao hawatakuwepo miaka 30 au 40 ijayo ila yeye na vijana wenzake watakuwepo. Ukumbi ukacheka, nchi nzima ikamjua, na kiukweli ile video imemfuata maisha yake yote. Baadaye Oxford, shahada ya daraja la kwanza, urais wa ule umoja wao wa midahalo, kisha kampuni ya ushauri ya McKinsey, kisha 1989 akaingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa jimbo la Richmond huko Yorkshire. (Jimbo hilohilo alipoliacha 2015 lilichukuliwa na Rishi Sunak, yule ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, sasa dunia ndogo ndio hii.) Mwaka 1995 akawa waziri wa masuala ya Wales akiwa na miaka 34, na 1997 baada ya Conservative kuchapwa vibaya sana wakampa chama kizima. Miaka 36.

Hapo ndipo mambo yakaharibika. Watu walikuwa wamechoka na chama chake, Blair alikuwa juu, uchumi ulikuwa vizuri, hata malaika asingeshinda. Hague bungeni alikuwa moto, wengi wanakubali kwamba kwenye yale maswali ya Jumatano alimsumbua Blair kuliko mtu yeyote, ila nje ya ukumbi wananchi walikuwa wanamuona kama mwanafunzi bora darasani aliyevaa suti ya baba. Akavaa kofia ya beseboli yenye jina lake, wakamcheka. Akasema ujanani wakati anasambaza vinywaji vya kampuni ya baba yake alikuwa anamaliza painti 14 za bia kwa siku, wakamcheka zaidi. Kampeni ya 2001 akaijenga juu ya kuilinda pauni isimezwe na yuro, wapiga kura wakakubaliana naye kuhusu pauni na kura wakampa Blair.

Ndio akaanguka. Sasa mtu wa namna hiyo anafanya nini? Alirudi viti vya nyuma bungeni, akawa anaandika safu ya gazeti, anatoa hotuba za kulipwa, akajifunza piano, na akakaa chini kuandika wasifu wa William Pitt Mdogo. Kitabu kikatoka 2004.

Kumchagua Pitt kunasema mengi. Pitt alikuwa Waziri Mkuu tarehe 19 Desemba 1783 akiwa na miaka 24, hakuna aliyewahi kuwa mdogo kuliko yeye kwenye kile kiti na sidhani kama atatokea. Hague alivyopewa chama 1997 watu walimlinganisha na huyo huyo Pitt, kwamba hawajaona kiongozi kijana namna hii tangu enzi zake. Kwa hiyo aliyeshindwa akaenda kumsoma aliyeshinda. Wengine wangeona ni wivu, mimi naona ni udadisi wa fundi, anataka kujua yule mwenzake aliwezaje.

Na ile sehemu ya 1784 ndio inayoonyesha kwa nini mwanasiasa anaweza kuandika kitu ambacho profesa anapata shida kukiandika. Hebu nieleze. Mfalme George wa Tatu alikuwa anamchukia Charles James Fox na muungano wake uliokuwa madarakani, muswada wa Fox wa kuidhibiti kampuni ya India ya Mashariki ulipofika kwa mabwana wa baraza la juu, mfalme akapitisha ujumbe kwamba atakayeupigia kura ya ndiyo amhesabu kuwa adui. Muswada ukaanguka, serikali ikafukuzwa, Pitt akapewa nchi. Tatizo ni kwamba bungeni Fox ndiye alikuwa na wingi. Wakaiita serikali ya sambusa za Krismasi, kwamba sikukuu ikiisha na yenyewe imeisha. (Sawa, zile si sambusa, ni vile vipai vyao vitamu vya Krismasi, ila umeelewa.) Januari Pitt akapigwa kura, akapigwa tena, akapigwa tena, kwa desturi ya leo angejiuzulu siku ya kwanza. Hakujiuzulu. Alikaa pale na miaka yake 24 anapigwa na hasogei, na kila wiki wingi wa Fox unapungua kidogo, wabunge wa vijijini wanaanza kuona huyu kijana ana roho, barua za kumuunga mkono zinaingia kutoka miji mbalimbali, mpaka tarehe 8 Machi 1784 Fox akashinda kwa kura moja tu, 191 kwa 190. Pitt akajua muda umefika. Bunge likavunjwa mwezi huohuo na kwenye uchaguzi watu wa Fox wakapukutika.

Mwanahistoria wa chuo atakuambia hayo na atakupa sababu za kikatiba, atakuambia nafasi ya mfalme, atakuambia utaratibu wa uteuzi wa viti. Hague anakupa hayo pia ila anakupa na kitu cha ziada, anajua kusimama mbele ya ukumbi unaokuzomea kunafananaje. Anajua kwamba wingi bungeni ni watu, kila mmoja ana hofu yake ya jimbo na tamaa yake ya cheo, na kwamba wingi ukianza kuvuja unavuja polepole halafu ghafla. Anajua uchovu. Ukisoma unahisi mwandishi naye kashazihesabu kura usiku na akapata jibu baya. Ndio maana kitabu kilipendwa na watu wa kawaida, na 2005 kikachukua tuzo ya kitabu bora cha historia cha mwaka kwenye tuzo za vitabu za Uingereza. Hii haikuwa huruma kwa mstaafu.

Tena anajua na upande wa mwili, kitu ambacho waandishi wengi wa siasa wanakiruka. Pitt alikuwa mgonjwa mgonjwa tangu utotoni, alikunywa mvinyo wa port kupita kiasi, hakuoa, alidaiwa mpaka alipokufa bunge likapiga kura kulipa madeni yake ya pauni 40,000, mtu aliyeshika hazina ya taifa karibu miaka 20! Alifariki Januari 1806 na miaka 46, muda mfupi baada ya habari za Napoleon kushinda vita vya Austerlitz. Kazi ilimla.

Ila ngoja, kuna kitu. Vita vya Pitt havikuwa Ulaya tu. Kati ya 1793 na 1798 serikali yake ilipeleka majeshi Saint-Domingue, ndio Haiti ya leo, wakitaka kulichukua koloni tajiri la sukari kutoka kwa Wafaransa, na watumwa waliokuwa wameasi pale walikuwa wanapigania uhuru wao. Wanajeshi wa Uingereza walikufa kwa maelfu, wengi kwa homa ya manjano. Na jeshi la Uingereza lenyewe likawa linanunua Waafrika kwa maelfu kujaza vikosi vya Karibi, wakati huohuo Wilberforce, mbunge rafiki wa Pitt, anahutubia bunge liache biashara ya watu. Hii ni hadithi inayotosha kitabu kizima, ila kwenye wasifu wa Waziri Mkuu inabaki kuwa kampeni moja ya kijeshi iliyoenda vibaya. Simlaumu sana, kitabu ni cha Pitt. Lakini shika hapo, tutarudi.

Kitabu cha pili kikatoka 2007, William Wilberforce, mwaka ambao Uingereza ilikuwa inaadhimisha miaka 200 ya sheria ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Muda mzuri wa kuuza, mwanasiasa ni mwanasiasa. Na tena Wilberforce alikuwa mtu wa Yorkshire, mbunge wa Yorkshire kama yeye, kwa hiyo alikuwa anaandika kama anamwandika mzee wa kijijini kwao.

Kinachonifurahisha kwenye habari za Wilberforce ni kwamba huyu mtakatifu alianza kama wengine wote. Alipogombea ubunge wa Hull 1780 alitumia zaidi ya pauni 8,000, hela ya kutisha wakati ule, kuwalisha na kuwanywesha wapiga kura na kuwapa chao mkononi. Takrima tupu. Baadaye akaokoka, akaamua maisha yake ni ya Mungu, na marafiki wakamshawishi asiache siasa. 1787 chini ya mti wa mwaloni pale nyumbani kwa Pitt, Pitt akamwambia achukue suala la watumwa alifikishe bungeni.

Miaka 20 ikafuata ya kupigwa. 1791 kura 163 dhidi yake, 88 upande wake. 1792 bunge likakubali, na kwa wingi, ila waziri Henry Dundas akachomeka neno la "polepole" na polepole ikawa kamwe. 1796 ndio inauma zaidi, muswada ulianguka 74 kwa 70, kura nne, na baadhi ya waliotakiwa kumpigia usiku ule walikuwa kwenye opera ya vichekesho. Watu wanasafirishwa kwenye mameli wamefungwa minyororo na kura zao zipo thieta. Yeyote aliyewahi kuwa mnadhimu wa chama akisoma hapo anaumwa tumbo, na Hague anakuumiza tumbo na wewe.

Halafu inakuja ile hila ya 1806 ambayo naipenda kuliko hotuba zote. Mwanasheria James Stephen, mtu aliyeishi Karibi na kuona kwa macho yake, akasema tuache kupigana kwa mbele. Wakaleta muswada wa kuzuia Waingereza kupeleka watumwa kwenye makoloni ya maadui na ya kigeni. Ukiutazama ni sheria ya vita, kumkomoa Mfaransa, nani atapinga? Wilberforce akakaa kimya kabisa ili watu wasishtuke. Ukapita. Na kwa kupita kwake ukawa umeshakata sehemu kubwa sana ya biashara yenyewe, kwa hiyo Februari 1807 ulipokuja muswada mkuu ngome ilikuwa imeshatobolewa, kura 283 kwa 16. Hapa Hague yuko nyumbani kwao. Utaratibu wa bunge, subira, ujanja wa halali, kujua lini kusema na lini kunyamaza. Hakuna anayeeleza haya vizuri kama mtu aliyeyaishi.

Sasa turudi pale tuliposhika. Vitabu vyote viwili vimekaa bungeni. Olaudah Equiano aliyewahi kuwa mtumwa yumo, Thomas Clarkson aliyezunguka nchi kwa farasi maelfu ya maili akikusanya ushahidi bandarini yumo, Haiti imo, kina mama walioacha kununua sukari ya Karibi wamo, lakini wote wanaonekana kupitia dirisha la Westminster, wanaingia pale wanapomsaidia au kumkwamisha mheshimiwa. Eric Williams, ambaye yeye alitembea njia ya kinyume, mwanahistoria kwanza halafu Waziri Mkuu wa Trinidad na Tobago, alishawakejeli wanahistoria wa Uingereza kwamba wanaandika kana kwamba nchi yao ilianzisha utumwa ili tu ipate raha ya kuufuta. Hague si mbaya kiasi hicho, hafichi ukatili. Ila kwake mabadiliko yanatokea pale kura zinapohesabiwa, na mtumwa wa Jamaika aliyeasi akachoma shamba la miwa mwaka 1831 anakuwa sehemu ya hali ya hewa.

Kwa sisi wa upande huu wa bahari ni rahisi kuliona hilo kwa sababu 1807 haikutugusa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Zanzibar 1897, na pwani ya Kenya ikasubiri mpaka 1907. Miaka 100 kamili baada ya ushindi wa Wilberforce, huku bendera ya Uingereza ikiwa imeshapepea Mombasa zaidi ya miaka 10.

Na kuna suala la hela. Sheria ya 1833 iliyofuta utumwa kwenye makoloni mengi ya Uingereza, Wilberforce alipata habari kwamba itapita na siku tatu baadaye akafariki, ilikuja na fidia ya pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka. Fidia hiyo walipewa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupata hata senti, wakaambiwa waendelee kufanya kazi kwa mabwana zao kama wanagenzi, mpaka 1838. Mkopo ambao serikali ilichukua kulipia ile fidia ulimalizika kulipwa 2015. Ndio, 2015, si kosa la uchapaji. Kwa hiyo muda wote ambao Hague yuko bungeni, na anapoandika kitabu chake, na anapokuwa waziri, kodi za Waingereza bado zinalipa deni la mabwana wa watumwa.

Weka hiyo milioni 20 akilini.

Desemba 2005 David Cameron akachukua chama na akamrudisha Hague mbele, msemaji wa mambo ya nje, na Mei 2010 akawa Waziri wa Mambo ya Nje kamili. Mezani akakuta kesi. Juni 2009 kikundi kidogo cha wazee wa Kenya, waliofungwa kwenye kambi wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kuwazima Mau Mau, walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza London. Ni watu walioteswa kwa namna ambayo naandika kwa shida, kuhasiwa, kudhalilishwa kwa wanawake, na mmoja wao alikuwa kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo askari wa gereza waliwapiga wafungwa 11 mpaka wakafa, yeye akapigwa akapoteza fahamu akawekwa pamoja na maiti.

Serikali ilijibu nini? Kwanza ilisema hilo si letu tena, 1963 madeni yote yalihamia kwa serikali ya Kenya, yaani mteswaji aende akamdai Kenyatta. Jibu hilo lilianza wakati wa Labour, ila lilitetewa mahakamani Hague akiwa ndiye waziri. Jaji McCombe akalikataa Julai 2011. Wakaja na la pili, muda umepita, ushahidi umechakaa. Oktoba 2012 jaji akalikataa nalo kwa wale wazee watatu waliokuwa wamebaki kwenye kesi.

Na kwa nini alilikataa? Sababu mojawapo ni kwamba ushahidi ulikuwa umejaa tele. Na hapa kisa kinakuwa kizuri mno kwa mtu anayejiita mwanahistoria. Wataalamu wa kesi walikuwa wanahistoria, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Elkins alishatembea vijijini akakusanya simulizi za wazee, na vitabu vyake na vya Anderson vilitoka 2005, mwaka uleule Hague anachukua tuzo ya Pitt. Anderson alikuwa amehesabu walionyongwa, watu 1,090. Wakabana kwamba kuna mafaili ya Kenya yaliyosafirishwa Uingereza kimya kimya kabla ya uhuru, na mwanzoni mwa 2011 ikabidi serikali ikiri yapo, mafaili kama 1,500, yamekaa Hanslope Park, jengo la wizara hiyohiyo ya Hague. Ukaja kujulikana na waraka wa 1957 wa mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, akimwandikia gavana kuhusu vipigo vya kambini, kwamba kama ni kutenda dhambi basi tuitende kimya kimya.

Haki yake nimpe. Hague aliamua yale mafaili yafunguliwe, ya Kenya na ya makoloni mengine, na yakahamishiwa hifadhi ya taifa kwa awamu. Mwanasiasa asiyejali nyaraka angeweza kuzungushazungusha. Na tarehe 6 Juni 2013 alisimama bungeni mwenyewe, hakumtuma naibu, akasema serikali inatambua kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, inasikitika kwa dhati, italipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 pamoja na gharama za kesi, na itachangia kujenga mnara wa kumbukumbu Nairobi. Siku hiyohiyo balozi wao Christian Turner akawasomea wazee taarifa hiyo Nairobi, kuna waliolia, kuna waliocheza. Mnara ulizinduliwa Septemba 2015 pale Uhuru Park.

Umeona ile namba? Milioni 20 kwa mabwana mwaka 1833, milioni 19.9 kwa walioteswa mwaka 2013. Pauni ya 1833 kwa thamani ya leo ni mabilioni, kwa hiyo hata hazifanani, zinafanana kwenye karatasi tu. Gawanya ile ya 2013 kwa watu 5,228, hata kabla hujatoa hela ya mawakili, kila mzee hafikishi pauni 4,000. Mtu ameandika kurasa mamia kuhusu Wilberforce, sidhani kama zile namba hazikumgonga kichwani.

Ukiisikiliza ile hotuba yake ni hotuba ya mwanahistoria kweli. Inaeleza mazingira, inataja watu kuzuiliwa bila kesi, inasema adhabu ya kifo ilitumika kuliko ilivyozoeleka, inataja pia waliouawa na Mau Mau. Halafu inataja kwamba hata wakati ule kulikuwa na watu walioona ubaya, na mfano anaoutoa ni mjadala wa bunge hilohilo kuhusu Hola mwaka 1959. Ule ule mtindo! Hata siku ya kuwataja walioteswa, jicho linarudi kwenye ukumbi wa Westminster kutafuta mtu aliyesimama akasema hapana.

Na baada ya hapo ikaja sentensi ya mwanasheria, kwamba serikali bado inakataa kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa koloni, na malipo haya hayafungui mlango kwa koloni lingine lolote. Mlango ulifungwa kweli. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilikuja, ikasikilizwa kwa miaka, ikatupwa 2018, na sababu kubwa ilikuwa ni ileile ya muda kupita. Hao walikuwa wazee wa umri uleule, hali ya hatari ileile, tofauti ni kwamba majina yao hayakuwa kwenye orodha ya kwanza.

Kwa hiyo Hague ni mnafiki? Kuna wanaosema hivyo, mimi sikubali, ni jibu la haraka. Naona ni mtu ambaye elimu yake ya historia ilimfikisha mpaka kwenye kukiri na haikumvusha hapo. Alifundishwa na Pitt na Wilberforce kwamba jambo linamalizika bunge likishasema. Lile la 1807 bunge lilisema, likaisha. La 1833 bunge likasema, likaisha, kasoro aliyekuwa shambani. Na 2013 yeye mwenyewe akasema bungeni, na kwa akili ya ukumbi ule likaisha. Wazee wa Nyeri na Murang'a wao walikuwa na hesabu nyingine, mashamba yaliyochukuliwa, ndugu ambao hawajulikani walizikwa wapi.

Aliacha ubunge 2015, akapewa ubwana akaingia baraza la juu, na 2024 akachaguliwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Kuna kitabu kimoja naona ni cha kwake kabisa na akikiandika nakinunua siku kitakapotoka. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959, mjadala wa Hola, saa za usiku mkubwa ukumbi umechoka, anasimama Enoch Powell, mbunge wa Conservative kama yeye, mtu ambaye miaka 9 baadaye jina lake lingekuwa alama ya chuki dhidi ya wahamiaji, na anaishambulia serikali ya chama chake mwenyewe kwa ajili ya Waafrika 11 waliouawa, anasema huwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Kuna kila kitu anachokijua Hague. Safari hii tu aanzie Hola, kule kwenye mfereji wa umwagiliaji wafungwa walikopelekwa kuchimba, halafu ndio aje bungeni.